Maswali ya Wasomaji: Mbwa wa Zhaozhou na Jibu Lisiloazimika

Katika toleo lililopita tulichapisha kisa kifupi kutoka China pamoja na maoni ya mwalimu aliyekikusanya, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Kwa faida ya asiyelisoma toleo lile, kisa chenyewe ni hiki: mtawa mmoja alimwuliza mwalimu Zhaozhou kama mbwa naye ana asili ya Budha, yaani uwezo wa kuamka kiroho kama Budha, na Zhaozhou akajibu kwa neno moja tu, "Wu", yaani "hana". Wajapani hulitamka "Mu". Hicho ndicho cha kwanza kati ya visa 48 vilivyokusanywa mwaka 1228 na mtawa Wumen Huikai, aliyeishi kati ya 1183 na 1260 wakati wa nasaba ya Song. Wumen alivikusanya kwa ajili ya watawa aliokuwa akiwafundisha, na kila kisa alikiandikia maoni yake na shairi fupi. Visa vya namna hiyo katika madhehebu ya Zen, ambayo ni tawi mojawapo la Ubudha, huitwa koani. Barua nilizozichagua nimezifupisha bila kugusa maana yake.

*Ndugu mwandishi, nimefundisha fasihi simulizi kwa miaka mingi, na niliposoma kisa cha mbwa nilisema moyoni kwamba hiki ni kitendawili tu, nikasubiri kiteguliwe. Badala yake huyo Wumen akaja na maoni marefu kuliko kisa chenyewe, na nilipoyamaliza nikajikuta sijui hata kile nilichodhani nakijua mwanzoni. Ufafanuzi usiofafanua una faida gani? Kama jibu lipo, litoe. Sisi tumeshindwa, nasi tuko tayari kukupa mji.* (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Mwalimu, shikamoo. Mji huo sitaupokea, kwa sababu katika mchezo huu hata mtegaji hana jibu la kumkabidhi mtu mwingine. Hata hivyo umeanzia mahali pazuri, maana ukiweka koani kando ya kitendawili, kazi ya Wumen inaonekana. Jibu la kitendawili ni mali ya jamii: wakubwa wanalijua, limehifadhiwa, na mtoto aliyelisikia jana barazani akilitoa leo mbele ya wenzake amelipata, wala hakuna atakayemwuliza amelitoa wapi. Katika koani, kulitoa wapi ndiko swali lenyewe. Mwanafunzi huingia peke yake kwa mwalimu na kutoa jibu lake, kisha mwalimu humwuliza jingine papo hapo, na jingine tena, na mara nyingi humrudisha akaketi upya kwa tafakuri. Mwaka 1916 mtu mmoja huko Japani, aliyejificha nyuma ya jina la kubuni, alichapisha kitabu kilichoanika majibu ambayo walimu wa Rinzai, tawi mojawapo la Zen, walikuwa wamezoea kuyakubali kwa siri kutoka kizazi hadi kizazi. Mtu angetarajia kwamba mafunzo ya koani yangekufa siku ile. Hayakufa, kwa kuwa aliyekariri jibu la kwanza hana la kusema anapoulizwa swali la tatu.

Sasa tuyatazame maoni yaliyokuudhi. Msomaji wa kawaida anaposikia "hana" hukimbilia mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba Zhaozhou alikuwa akitoa fundisho kuhusu mbwa. Lakini watawa wa wakati ule walikuwa wamesoma katika sutra, yaani maandiko ya mafundisho ya Budha, kwamba viumbe vyote vyenye uhai vinayo asili hiyo, na kumbukumbu za Zhaozhou mwenyewe zinaonyesha kwamba alipoulizwa swali lilelile mara nyingine alijibu kwamba mbwa anayo. Njia ya pili, inayowavutia zaidi wasomi, ni kudai kwamba "Wu" ni utupu mkuu ulio nyuma ya vitu vyote, dai ambalo lina sifa ya kusikika kama hekima bila kumgharimu msemaji chochote. Wumen anaziziba njia zote mbili kwa pumzi moja: usilichukue neno hili kuwa utupu, wala usilichukue kuwa "anayo" na "hana". Baada ya kuziba, hafungui ya tatu. Anamwambia mwanafunzi alibebe neno hilo usiku na mchana kwa mifupa yake yote 360 na vinyweleo vyake 84,000, mpaka liwe kama tonge la chuma cha moto ambalo amelimeza na hawezi kulitema. Atakayefika huko, anasema, atakuwa kama bubu aliyeota ndoto: ameiona, ila hana wa kumsimulia.

Wumen aliyaandika hayo baada ya kuyapitia. Alikaa na "Wu" kwa miaka sita chini ya mwalimu wake Yuelin Shiguan, na mapokeo yanasema kwamba alifunguka, yaani aliamka kiroho, siku moja aliposikia ngoma ya kuwaita watawa kwenye chakula. Shairi alilolitunga baadaye linazungumzia ngurumo ya radi iliyopiga mchana wakati mbingu ni nyeupe. Ameacha pia shairi jingine lenye mistari minne ya maneno matano matano, na maneno yote 20 ni "Wu", bila neno jingine hata moja. Wewe uliyesahihisha insha maisha yako yote, nakuachia ulipe alama unazoona zinastahili.

Kama ndivyo, kwa nini aliandika kabisa? Katika dibaji anakiri kwamba kazi hiyo ni kama kuchochea mawimbi pasipo na upepo, na kwamba mtu anayetafuta kuelewa kupitia maneno ya mwenzake anajaribu kuupiga mwezi kwa fimbo, au anakuna mguu unaomwasha akiwa amevaa kiatu. Alikuwa na wanafunzi waliotaka msaada, naye akawapa wa aina pekee aliyoamini kwamba haungewadhuru. Ukiyasoma maoni yake ukitafuta jibu, kila sentensi itakukera, lakini ukiyasoma kama maneno ya mtu anayesimama mbele ya kila mlango unaotaka kutokea, utaona kwamba hakuna sentensi iliyokaa bure.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Wenzangu wanaopenda habari hizi wananiambia kwamba Zen inamtaka mtu aachane na vitabu, kwa kuwa ukweli hupatikana kwa tajriba ya moja kwa moja, na hutoa mfano wa Deshan aliyechoma maandiko yake yote. Je, elimu ya vitabuni ni kizuizi? Nauliza nikiwa na mitihani mwezi ujao.* (Nairobi)

Marahaba. Kwanza usichome kitu. Pili, waambie wenzako wakisome kisa cha Deshan tangu mwanzo, kwa sababu wanaokisimulia hupenda kuanzia kwenye moto.

Deshan, aliyeishi kati ya 782 na 865, alikuwa bingwa wa Sutra ya Almasi. Alipopata habari kwamba huko kusini kuna watu wanaodai mafundisho ya Budha hupokelewa nje ya maandiko, alikasirika, akabeba mgongoni mafafanuzi ya sutra hiyo na kufunga safari ya kwenda kuwanyamazisha. Njiani alisimama kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza vitafunio. Mama akamwuliza amebeba nini, na alipoambiwa akamwahidi chakula cha bure endapo angelijibu swali lake, na kama angeshindwa basi angekwenda kula kwingine. Sutra hiyo inasema kwamba moyo uliopita haushikiki, moyo wa sasa haushikiki, na moyo ujao haushikiki. Je, mheshimiwa anataka kula kwa moyo upi? Deshan akakosa la kusema.

Sehemu hii ndiyo rafiki zako wameiruka, nayo kwangu ina uzito kuliko moto. Mama yule hakuwa mtu asiyejua vitabu akimwaibisha msomi. Swali lake lilitoka ndani ya sutra ileile iliyokuwa mgongoni mwa Deshan, na alilinukuu sawasawa. Wote wawili walikuwa na maneno yaleyale. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuyaleta mezani penye chakula na mbele ya mtu mwenye njaa, ilhali Deshan alikuwa akiyajua mahali palipo na wino tu. Kwa hiyo kisa hiki hakisemi kwamba kitabu ni adui. Kinauliza kama ulichokisoma kinaweza kusimama chenyewe unapoulizwa ghafla na mtu asiyejali cheo chako.

Deshan alikwenda kwa mwalimu aliyeelekezwa na mama huyo, Longtan, wakazungumza mpaka usiku wa manane. Alipotaka kuondoka akakuta nje kuna giza, akarudi. Longtan akawasha mshumaa wa karatasi na kumnyoshea, na Deshan alipounyoshea mkono, mwalimu akaupuliza ukazimika. Hapo Deshan akaamka. Kesho yake ndipo alipoyachoma maandiko yake mbele ya ukumbi, akisema kwamba kuyamaliza mafundisho yote ya kina ni kama kuuweka unywele mmoja katika anga lote.

Ungedhani Wumen, akiwa mwalimu wa Zen, angeshangilia. Sivyo. Maoni yake ni ya kejeli: anasema Longtan ni kama mzazi mwenye huruma iliyozidi hata haoni tena ubaya wa mwanawe, kwa kuwa aliona cheche ndogo ndani ya Deshan akakimbilia kumwagia maji ya tope, na kwamba ukilitazama jambo lote kwa utulivu linachekesha. Nafahamu kwa nini anafanya hivyo. Mtu akishaupenda moto ule, moto nao unakuwa andiko jipya la kubeba mgongoni.

Yupo na Xiangyan, ambaye wenzako huenda wakamtaja pia. Mwalimu wake, Guishan, alimtaka aseme neno moja kuhusu hali yake kabla hajazaliwa na wazazi wake. Xiangyan alipekua kila alichowahi kukinakili, hakupata kitu, akasema kwamba picha ya mkate haimshibishi mwenye njaa. Akamsihi mwalimu amweleze. Guishan akakataa, kwa sababu ambayo naiona ndiyo kiini cha habari yote unayoniuliza: chochote nitakachosema mimi kitakuwa changu, hakitakuwa chako. Xiangyan akayachoma maandishi yake, akaenda kuishi peke yake karibu na kaburi la mwalimu wa zamani, akilitunza. Siku moja alipokuwa akifagia, kijiwe kiliruka na kugonga mwanzi, na sauti ile ikamfungua. Alichokifanya baada ya hapo ni kuoga, kufukiza ubani, na kuinama kuelekea upande alikokaa Guishan, akimshukuru kwa kutomweleza.

Tajriba ya moja kwa moja katika visa hivi, basi, ni jambo dogo na gumu kuliko wanavyodhani wenzako. Inahusu jibu ambalo halikubali kuazimwa, hata kutoka kwa mwalimu anayekupenda, na kutosoma hakumsogezi mtu karibu nalo hata hatua moja. Angalia pia kwamba Deshan na Xiangyan walichoma walichokwisha kukimaliza, na kwamba habari za kuchoma kwao zimetufikia kupitia vitabu. Katika karne ya 12 mwalimu Dahui Zonggao aliona wanafunzi wanakariri maneno mazuri ya mwalimu wake mwenyewe, Yuanwu Keqin, katika ufafanuzi mashuhuri wa koani 100, na inasimuliwa kwamba alizichoma mbao za kuchapia kitabu hicho. Karibu mwaka 1300 kitabu kikakusanywa upya kutoka nakala zilizosalia, na kinasomwa mpaka leo. Naye Dogen, mwalimu wa Kijapani aliyeishi kati ya 1200 na 1253, aliurudia mwaka 1242 usemi wa Xiangyan kuhusu picha ya mkate akaupindua kabisa: alisema kwamba pasipo mkate wa kuchorwa hakuna dawa ya njaa, kwa kuwa dunia hii yote tunayoiishi, pamoja na maneno yake, imechorwa hivyohivyo. Mimi nimeelemea upande wa Dogen, ingawa najua kwamba wapo watakaonilaumu. Soma, fanya mitihani yako, na siku mama muuza vitafunio akikuuliza swali, usimnukulie ukurasa.

*Ndugu mwandishi, mjukuu wangu alinisomea kisa cha mwalimu aliyemkata mtoto kidole, kisha akaniuliza kwa nini polisi hawakumkamata. Sikuwa na jibu. Mnatuletea mambo haya kama hekima ya kiroho?* (Bibi, Mwanza)

Shikamoo bibi. Mjukuu wako ameuliza vizuri, na ningependa watu wazima wengi wangeuliza hivyo. Kisa anachokisema ni cha tatu katika mkusanyo wa Wumen. Mwalimu Juzhi alikuwa na desturi ya kuinua kidole kimoja kila alipoulizwa swali. Kijana aliyemtumikia akaanza kumwiga, na wageni walipomwuliza mwalimu wake hufundisha nini, naye aliinua kidole. Juzhi aliposikia akamkata kidole hicho kwa kisu. Kijana alipokuwa akikimbia huku analia, mwalimu akamwita. Alipogeuka, mwalimu akainua kidole chake, na kijana akaamka papo hapo.

Hoja ya kisa ni ileile ya barua iliyotangulia: ishara iliyoazimwa hukatika. Wumen mwenyewe anaonya kwamba kuamka kwa mwalimu na kwa kijana hakukuwa kwenye ncha ya kidole, na kwamba atakayeliona hilo atakuwa ametungwa pamoja nao katika uzi mmoja. Wanahistoria hawavichukui visa hivi kuwa taarifa za mashahidi. Viliandikwa na kusimuliwa upya kwa vizazi kadhaa kabla ya kufika kwa Wumen, na kadiri vilivyosimuliwa ndivyo vilivyopata makali.

Lakini siwezi kusimama hapo na kujiona nimekujibu, kwa sababu kusema "ni mfano tu" kumewahi kutumiwa vibaya. Katika miongo ya karibuni vituo kadhaa vya Zen vya Marekani na Ulaya vimetikiswa na kashfa za walimu waliowadhulumu wanafunzi wao, na mara nyingi utetezi uliotolewa ulikuwa kwamba mwalimu aliyeamka hutumia njia zisizoeleweka na watu wa kawaida. Mwalimu wa leo anayemjeruhi mwanafunzi, kisha akakisingizia kisa cha Juzhi, ni mhalifu, na mjukuu wako yuko sahihi kuwataja polisi. Mwambie pia kwamba watu wa dini hiyo, tangu zamani, wana katiba ya maadili ya watawa inayokataza kumdhuru kiumbe, na hakuna koani iliyoifuta.

*Baada ya msiba wa mama yangu nilikuwa nimekaa kimya usiku, na ghafla ikawa kana kwamba hakuna "mimi" wa kuhuzunika. Vitu vyote vilikuwa wazi na vyepesi. Hali hiyo ilidumu siku kadhaa kisha ikaondoka. Je, niliyoyaonja ni yale wanayoyasema watu wa Zen? Nifanye nini ili irudi?* (Msomaji, Mombasa)

Pole sana kwa msiba. Swali lako la kwanza siwezi kulijibu kwa barua, wala hapaswi kulijibu mtu yeyote asiyekufahamu na asiyeweza kukuuliza swali la pili. Katika mapokeo haya hisia yenyewe, hata iwe kubwa namna gani, haihesabiwi kuwa ushahidi. Hakuin, mwalimu aliyeihuisha Rinzai huko Japani, alipokuwa kijana mwaka 1708 alisikia kengele ya hekalu ikilia na kila kitu kikamfungukia. Alijivuna hata akaamini kwamba kwa miaka 300 hakuna aliyepata mwamko kama wake. Akaenda kwa mzee Shoju kumwonyesha. Mzee alimwuliza kuhusu "Mu" ya Zhaozhou, na Hakuin akajibu kwa madaha kwamba hapo hakuna mahali pa kuweka mkono wala mguu. Shoju akamkamata pua, akaipinda kwa nguvu, na kumwambia kwamba yeye amepata pa kuweka mkono. Kwa miezi iliyofuata alimwita jini wa pangoni kila alipomwona. Hakuin alimshukuru mzee huyo maisha yake yote.

Sikusimulii hayo ili nikudharau. Hali uliyoipata huenda ilikuwa ya kweli kabisa na yenye rehema, na huenda pia ilikuwa namna ya mwili kujilinda na uchungu, na pengine yote mawili. Walimu wa Zen huwaonya wanafunzi kwamba wakati wa kuketi kwa tafakuri huweza kuja maono, mwanga, wepesi au utamu, na ushauri wao ni kwamba vije na vipite, visikimbizwe wala visikumbatiwe.

Swali lako la pili limejibiwa zamani, katika kisa cha 19 cha mkusanyo wa Wumen. Zhaozhou, akiwa bado mwanafunzi, alimwuliza mwalimu wake Nanquan njia ni ipi, akaambiwa kwamba moyo wa kila siku ndio njia. Akauliza kama inafaa kuiendea. Nanquan akamjibu kwamba ukikusudia kuiendea unaipa mgongo. Kijana akauliza tena, sasa atajuaje kwamba ni njia kama hakusudii? Akaambiwa kwamba njia haimo katika kujua wala katika kutojua, kwa kuwa kujua ni kujidanganya na kutojua ni bumbuwazi. Shairi la Wumen juu ya kisa hiki linataja maua ya majira ya kuchipua, mwezi wa majira ya vuli, upepo wa kiangazi na theluji ya majira ya baridi, na kusema kwamba mtu asipotundika mambo ya bure moyoni, kila majira ni mema kwake. Kwa hiyo usiitafute hali ile. Na huzuni ikirudi, kama itakavyorudi, usiione kuwa umeanguka kutoka mahali pa juu. Keti na ndugu zako, mzungumzeni marehemu.

*Je, kisa cha Budha kuinua ua na mwanafunzi wake Mahakasyapa kutabasamu ni historia? Nimekiona kikitajwa kuwa mwanzo wa Zen.* (Mwalimu wa historia, Bujumbura)

La, si historia kwa maana unayoifundisha darasani. Budha aliishi India zaidi ya karne nne kabla ya Kristo, na kisa hiki hakijulikani katika maandiko ya zamani ya Kihindi. Kinaonekana China katika maandishi ya Zen ya zama za Song, wakati madhehebu haya yalipokuwa yakihitaji nasaba inayofika kwa mwanzilishi. Kinachonifurahisha ni kwamba Wumen, aliyekiweka kuwa kisa cha sita, hakionyeshi heshima yoyote: anamshutumu Budha kwa kutundika kichwa cha kondoo na kuuza nyama ya mbwa, kisha anauliza ingekuwaje kama wote waliokuwapo wangetabasamu, au kama asingetabasamu hata mmoja.

Kwa kuwa wewe ni mwanahistoria, nikuongezee jambo. Mkazo mkubwa unaouona leo juu ya "tajriba safi" kama kiini cha Zen nao una tarehe zake. Mwanafalsafa Nishida Kitaro, aliyekuwa amemsoma Mmarekani William James, alichapisha mwaka 1911 kitabu kilichoanza na dhana hiyo, na D. T. Suzuki, aliyefariki mwaka 1966, akaisambaza Magharibi kupitia vitabu vyake vya Kiingereza. Katika monasteri za Wumen na Dogen mtu alikutana kwanza na ratiba, kengele, ibada, sheria na jiko, na mwamko, kama ulikuja, ulikuja ndani ya hayo.

*Mimi ni Mkristo na ninaishi Arusha. Naweza kuyafuata haya bila kuiacha imani yangu, na ni wapi Afrika Mashariki nitampata mwalimu?* (Msomaji, Arusha)

Kuhusu imani, zungumza na kiongozi wako wa kiroho. Ila ufahamu kwamba njia hiyo imepitiwa. Hugo Enomiya-Lassalle, padre Mjesuiti kutoka Ujerumani aliyejeruhiwa Hiroshima kwa bomu la mwaka 1945, alijifunza zazen, yaani tafakuri ya kuketi ya Zen, chini ya walimu wa Kijapani, akaifundisha, na akabaki padre mpaka alipofariki mwaka 1990. Hakukosa kukosolewa na wa upande huu na wa upande ule.

Kuhusu mwalimu, hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka, na Kituo cha Ubudha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda Bhante Buddharakkhita karibu na Entebbe, vyote ni vya Theravada, madhehebu yasiyotumia koani. Huko mtu hufundishwa tafakuri kwa namna ya Theravada, ambayo huanza na kuifuatilia pumzi, nawe ukifika jifunze hiyo, usimpelekee mtawa mbwa wa Zhaozhou ukitaka akupe jibu. Koani zisome kama fasihi. Kukaa na "Wu" peke yako chumbani kwa miezi, pasipo mtu wa kukupinda pua inapobidi, sikushauri.